Mgongo Umeshtakiwa, Nyonga Haikuulizwa

Mgonjwa akisema kiuno kinamuuma na maumivu yanashuka mguuni, safari yake hospitalini huwa imekwisha kupangwa kabla hajamaliza kujieleza. Ataandikiwa picha ya mgongo na dawa za kutuliza maumivu, pengine na mkanda wa kufunga kiunoni; mwenye bima au fedha mkononi atapelekwa MRI. Na picha itaonyesha kitu, maana picha ya mgongo wa mtu mzima haikosi kitu: diski imepungua, pingili zimeota miiba, njia ya neva imebanwa upande mmoja. Ugonjwa unapata jina na faili linafungwa. Katika safari hiyo yote inawezekana kabisa asipatikane mtu wa kumlaza chali, kumkunja goti na kulizungusha paja lake ndani na nje ili aone nyonga inaishia wapi.

Toleo hili linahusu watu ambao nyonga na mgongo wa chini vimechakaa kwa pamoja. Utafiti kuhusu watu hawa umekua kwa kasi kubwa katika miaka kumi hivi iliyopita, na umeleta maarifa ya kweli ambayo nitayaeleza kwa heshima yanayostahili. Lakini umehamia chumba cha upasuaji. Umeiacha kliniki ya wagonjwa wa nje, na huko ndiko kosa kubwa kuliko yote linakofanyika. Sisi wa Afrika Mashariki tunaumizwa na kuhama huko kuliko wengi, na ndio tulio na wagonjwa, magonjwa na maswali ya kuurudisha utafiti mahali pake.

Hali hii ina jina tangu mwaka 1983, pale Offierski na MacNab, madaktari wa mifupa wa Kanada, walipochapisha katika jarida la Spine makala iliyowagawa wagonjwa wa nyonga na mgongo katika makundi manne. Wa kwanza ni wale ambao sehemu zote mbili zimeharibika, lakini uchunguzi unaonyesha wazi ni ipi inayouma. Wa pili ni wale ambao hata wakichunguzwa vizuri chanzo hakijulikani, hivyo wanahitaji vipimo vya ziada, kama sindano ya ganzi ndani ya kiungo cha nyonga au kwenye mzizi wa neva. Wa tatu ni wale ambao ugonjwa wa sehemu moja unauchochea ule wa nyingine. Wa nne ni wale waliotibiwa sehemu isiyo na kosa kwa sababu daktari alikosea. Kundi hili la nne ndilo ninalolithamini zaidi. Ni nadra kuona waainishaji wa magonjwa wakilihesabu kosa la mtabibu kuwa sehemu ya ugonjwa wenyewe, na wawili hawa walifanya hivyo kwa sababu waliwaona wagonjwa waliopasuliwa mgongo na kuamka na maumivu yaleyale ya nyonga.

Ugumu unaanzia kwenye maumivu yenyewe. Tumefundishwa kwamba nyonga inauma kwenye kinena na mbele ya paja, na mgongo unauma kiunoni na kushuka nyuma ya mguu. Mwaka 2008 Lesher na wenzake walichapisha ramani ya maumivu ya wagonjwa 51 ambao maumivu yao yalitoka kwenye kiungo cha nyonga, jambo lililothibitishwa kwa sindano ya ganzi ndani ya kiungo hicho. Asilimia 71 waliumwa tako. Waliosema kinena walikuwa asilimia 55. Zaidi ya mmoja kati ya watano walikuwa na maumivu yaliyovuka goti kwenda chini, kule ambako kila kitabu kinatuambia tufikirie neva ya mgongo. Kwa hiyo mgonjwa anayeshika tako na kuonyesha mguu hajakuambia bado ugonjwa uko wapi.

Wala picha peke yake haiwezi kuamua. Brinjikji na wenzake walipokusanya mwaka 2015 tafiti za watu wasio na maumivu yoyote ya mgongo, waliona dalili za kuchakaa kwa diski kwa asilimia 37 ya watu wenye umri wa miaka 20, na kwa asilimia 96 ya wenye miaka 80. Mwaka huohuo takwimu za Framingham, Marekani, zilionyesha kwamba kati ya nyonga zilizouma mara kwa mara, ni asilimia 15.6 tu zilizokuwa na uchakavu katika eksirei. Na kati ya nyonga zilizoonekana zimechakaa, ni asilimia 20.7 tu zilizouma mara kwa mara. Soma takwimu hizo mbili kwa pamoja. Mgongo mzee una kasoro hata usipouma, na nyonga inaweza kuuma huku picha yake ikiwa safi. Daktari anayepiga picha ya mgongo pekee ameshajiandalia jibu kabla ya kuuliza swali.

Hiyo ndiyo hali ya kliniki. Sasa nieleze utafiti umekwenda wapi, kwa sababu umekwenda mahali penye mvuto.

Mtu akisimama, pelvisi yake huinamia mbele na mgongo wa chini huingia ndani. Akikaa kitini, pelvisi hurudi nyuma kwa kadiri ya nyuzi 20, mgongo unanyooka, na kikombe cha nyonga kinafunguka kwa mbele ili kulipisha paja linaloinuka. Pelvisi ni bawaba ya vyumba viwili: ikikwama upande mmoja, upande wa pili hulazimika kufanya kazi ya pande zote. Nyonga iliyokakamaa ikiwa imekunjika huivuta pelvisi mbele, mgongo unazidi kupinda ndani, na viungo vidogo vya nyuma ya pingili vinabeba mzigo usio wao. Nao mgongo ukikakamaa, kwa uzee au kwa kuungwa na vyuma, pelvisi hairudi nyuma mtu anapokaa. Paja linapanda bila kupishwa, mfupa unagonga ukingo wa mbele wa kikombe, na nyonga bandia inaweza kuchomoka kwa nyuma.

Kuchomoka huko ndiko kulikoamsha utafiti. Tangu mwaka 1978 wapasuaji waliongozwa na kile Lewinnek na wenzake walichokiita eneo salama: kikombe kiinamishwe nyuzi 40 na kielekezwe mbele nyuzi 15, kikiruhusiwa kupotoka nyuzi 10 kila upande. Walitazama nyonga 300, ambazo 9 kati yake zilikuwa zimechomoka. Kwa karibu miaka 40 wapasuaji wa dunia nzima walilenga eneo hilo. Kisha mwaka 2016 Abdel na wenzake wa Mayo Clinic, jimboni Minnesota, Marekani, walipitia kumbukumbu za nyonga bandia 9,784 na kukuta 206 zilizochomoka. Asilimia 58 ya hizo vikombe vyake vilikuwa ndani kabisa ya eneo salama. Mwaka uliofuata Buckland na wenzake walitumia kumbukumbu za bima ya wazee ya Marekani kuonyesha kwamba, katika mwaka wa kwanza baada ya upasuaji, nyonga bandia zilichomoka kwa asilimia 1.55 ya wagonjwa ambao migongo yao haikuwa imeungwa, asilimia 2.96 ya walioungwa pingili ngazi moja au mbili, na asilimia 4.12 ya walioungwa ngazi tatu hadi saba.

Hapo milango ilifunguka. Wafaransa walikuwa wameshaandaa njia: pembe ya pelvisi ambayo kikundi cha Duval-Beaupère na Legaye kiliieleza katika miaka ya 1990, mashine ya EOS inayompiga mtu picha mbili akiwa wima kwa mionzi michache, teknolojia iliyotokana na kazi ya Georges Charpak aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1992, na kikombe chenye mzunguko maradufu ambacho Gilles Bousquet alikibuni Saint-Étienne katika miaka ya 1970. Majarida yalijaa makala za pembe: pembe ya kusimama, pembe ya kukaa, tofauti kati yake, programu ya kuzikokotoa, roboti ya kuzifuata. Yote haya ni kazi nzuri. Mgonjwa mwenye mgongo uliokakamaa anayewekewa nyonga bandia leo yuko salama zaidi kuliko wa miaka 20 iliyopita, na ni tafiti hizi zilizomlinda.

Ila tuangalie ni swali la nani lililojibiwa. Swali la pembe ya kikombe linamhusu mtu ambaye tayari amekwisha kuamuliwa kwamba nyonga yake ndiyo yenye kosa, ameshapata fedha, ameshapata mpasuaji. Ni swali lenye kampuni za vipandikizi nyuma yake, lenye mashine za kuuza, na lenye tokeo linalohesabika kwa urahisi kwa kuwa nyonga imechomoka au haikuchomoka. Kosa la kundi la nne halina mnunuzi. Mgonjwa aliyetibiwa mgongo kwa miaka mingi huku nyonga ikizidi kulika haandikwi popote. Hafi, hachomoki kitu. Anaacha kulima, anaacha kupanda daladala, na watoto wake wanasema mama amezeeka.

Ushahidi kwamba nyonga inaweza kuwa mtuhumiwa halisi wa maumivu ya mgongo upo. Parvizi na wenzake waliripoti mwaka 2010 wagonjwa 344 waliobadilishiwa nyonga. 170 kati yao walikuwa na maumivu ya mgongo kabla ya upasuaji, na theluthi mbili ya hao mgongo uliacha kuuma baada ya kuwekewa nyonga mpya. Miaka mitatu kabla yake Ben-Galim na wenzake, wakiwa na wagonjwa 25 tu, walikuwa wameona mwelekeo uleule. Wako wanaosema tafiti hizi hazina kundi la kulinganisha, na ni kweli. Lakini fikiria zinadokeza nini: maelfu ya watu wanaomeza dawa za mgongo pengine wana mgongo ambao ungetulia kama nyonga ingetibiwa, au hata kama kukakamaa kwake kungezuiwa mapema kwa mazoezi ya viungo.

Upande wa pili nao una somo. Sweden ina daftari la nyonga bandia tangu mwaka 1979 na daftari jingine la upasuaji wa mgongo. Eneqvist na wenzake walipoyaunganisha, waliona kwamba waliowahi kupasuliwa mgongo kabla ya nyonga walipata nafuu ndogo na walikuwa na maumivu zaidi mwaka mmoja baada ya nyonga bandia. Ni ugunduzi uliotokana na kukutanisha madaftari mawili yaliyokuwa katika nchi moja, yakiwahusu watu walewale. Ninaamini hata sisi tunaweza kufanya jambo kama hilo bila kusubiri mashine yoyote.

Nasema hivyo kwa sababu magonjwa yetu hayafanani na ya Minnesota. Huko mgonjwa wa nyonga na mgongo ni mzee ambaye gegedu zimelika. Kwetu wazee hao wapo na wanaongezeka, lakini kuna wengine ambao makundi ya 1983 hayakuwafikiria. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na selimundu. Ugonjwa huo hukata damu kwenye kichwa cha mfupa wa paja hadi kinakufa na kuporomoka, na hukata damu katikati ya pingili hadi zinabonyea. Kijana wa miaka 25 anaweza kuwa na nyonga na mgongo vilivyoharibiwa na ugonjwa mmoja. Nchini Malawi, ambako daftari la taifa la viungo bandia lilianzishwa mwaka 2005, sababu kuu ya kubadilisha nyonga katika taarifa zake za mwanzo ilikuwa kufa kwa kichwa cha mfupa wa paja, wala haikuwa uzee wa gegedu. Kisha kuna kifua kikuu cha mifupa, ambacho hupenda uti wa mgongo kuliko mfupa mwingine wowote, na nyonga huja nyuma yake. Anayetafuta uchakavu peke yake kwa mgonjwa anayekonda, anayetokwa jasho usiku na mwenye homa za jioni atapoteza muda ambao neva za mgonjwa hazina. Ndivyo ilivyo pia kwa mgonjwa aliyeanza kushindwa kuzuia haja au ambaye miguu inaishiwa nguvu. Huyo hasubiri kliniki ya wiki ijayo.

Na hata kwa uchakavu wa kawaida, vipimo tulivyoazima havitutoshi. Sehemu kubwa ya utafiti wa pelvisi inalinganisha kusimama na kukaa kitini. Mgonjwa wa Pangani au wa Lamu anasujudu mara nyingi kwa siku, anakaa kwenye mbuzi kukuna nazi, anachuchumaa chooni. Mkulima wa Mbeya anainama na jembe tangu asubuhi, kiuno kikiwa juu na mikono ikiwa chini, halafu anarudi na kuni kichwani. Pelvisi yake inarudi nyuma kiasi gani katika mikao hiyo? Nyonga inabeba nini mgongo unapokuwa umekakamaa? Mtu mwenye nyonga bandia na mgongo mgumu aambiwe nini kuhusu sijda: asali kitini maisha yake yote, au kuna anayeweza kusujudu kwa usalama na tukamtambua kabla ya upasuaji? Wagonjwa huuliza hili kabla ya kuuliza gharama. Ni swali la haki, na makala za pembe haziwajibu, kwa sababu zilipima watu wakiwa wamesimama au wakiwa kitini.

Kuhusu jembe, tunajua kidogo na kidogo hicho kinatia hamu. Mwaka 1992 Croft na wenzake walionyesha katika British Medical Journal kwamba wakulima wa Uingereza waliofanya kazi hiyo miaka 10 au zaidi walikuwa na uwezekano wa kuwa na nyonga zilizochakaa zaidi ya mara 9 ya wafanyakazi wa kazi za kukaa. Kwa upande mwingine, utafiti wa Beijing uliochapishwa mwaka 2002 ulikuta uchakavu wa nyonga kwa takriban asilimia moja tu ya wazee, ambao wengi wao walikuwa wamechuchumaa maisha yao yote. Je, kazi nzito huharibu nyonga na kuchuchumaa huilinda, au ni umbo la mifupa ya kuzaliwa? Wakulima wetu wanafanya yote mawili, kulima kwa mkono na kuchuchumaa. Hakuna mahali pazuri zaidi pa kuliuliza swali hilo.

Wajapani wametuonyesha mfano wa subira. Uchunguzi wao wa ROAD, ulioanza mwaka 2005, umewafuata wakazi wa mjini Tokyo na wa milimani na pwani ya Wakayama, watu walewale kwa miaka, wakipimwa magoti, nyonga na mgongo kwa pamoja. Hawakusubiri mtu afike kwa mpasuaji. Walikwenda wanakoishi. Mwaka 2020 dunia ilikuwa na watu wapatao milioni 619 wenye maumivu ya mgongo wa chini, na makadirio yanasema watafika milioni 843 ifikapo 2050, ongezeko likiwa kubwa zaidi Afrika na Asia. Nadhani huo unatosha kuwa wito wa kuwa na ROAD yetu, hata ikianzia wilaya moja.

Vifaa vya kuanzia havina bei. Kipimo cha Hugh Owen Thomas, cha karne ya 19, kinahitaji kitanda na mkono wa mtabibu: goti la upande mzima likivutwa kifuani, paja la upande mgonjwa likinyanyuka lenyewe, nyonga hiyo imekakamaa. Brown na wenzake walionyesha mwaka 2004 kwamba kuchechemea, maumivu ya kinena na nyonga isiyozunguka vizuri kwa ndani ndizo dalili zinazoitofautisha nyonga na mgongo kuliko nyingine. Penye mashaka, sindano ya ganzi ndani ya kiungo, ikiongozwa na ultrasaundi, inaweza kutoa jibu siku hiyohiyo: maumivu yakipotea mgonjwa anapotembea uani, tumempata mtuhumiwa. Nawaambia hasa wataalamu wa fiziotherapia na matabibu wa vituo vya afya, ambao huwaona wagonjwa hawa muda mrefu kabla yetu: ninyi ndio mnaoweza kulivunja kundi la nne.

Kwa hiyo ninachokitaka kutoka kwa watafiti wetu ni andiko linaloanzia kwenye benchi la kliniki. Wachukuliwe wagonjwa wote wanaokuja na maumivu ya kiuno katika hospitali moja kwa mwaka mmoja. Kila mmoja apimwe mzunguko wa nyonga zote mbili, wenye dalili wapigwe picha ya pelvisi wakiwa wima pamoja na ya mgongo, wenye utata wapewe sindano, na wote wafuatwe miezi sita tujue nani alikuwa na nini. Wenye selimundu wahesabiwe peke yao. Taasisi zinazowekea watu nyonga bandia ziongeze katika madaftari yao safu mbili tu: mgongo wa mgonjwa ulikuwaje kabla ya upasuaji, na je, husujudu au huchuchumaa. Wanafunzi wa shahada ya uzamili ya upasuaji wa mifupa hutafuta mada za tasnifu kila mwaka, na kazi hii inalingana kabisa na uwezo wao na wa hospitali zao.

Nasi upande wetu tumekubaliana jambo moja katika bodi ya uhariri. Kuanzia toleo lijalo, andiko lolote kuhusu maumivu ya mgongo wa chini litakalotufikia litaulizwa na wahakiki kama nyonga za wagonjwa zilichunguzwa, nani alizichunguza, na zilizunguka kwa nyuzi ngapi. Lisilo na majibu hayo litarudishwa kwa mwandishi ayatafute.